Tuliwalea Ili Waondoke

Wanangu mnaoanza kazi ya ulezi, mmenikuta nimeshakabidhi funguo, niko zangu Chidya nafuga kuku na kupokea simu zenu. Karibu kila anayenipigia ana swali lile lile: "Dada Tekla, nifanyeje mtoto asilie?" Nikianza kumweleza, salio lake linaisha. Kwa hiyo nimeona niandike, maana karatasi haikatiki katikati ya maneno.

Mtoto atalia. Kazi yako ni kujua analilia nini.

Kituo chetu kiko nje kidogo ya mji wa Masasi, na wengi wanaopita barabarani hudhani ni mahali pa watoto waliotupwa. Wachache walikuwa hivyo. Wengi walikuwa wachanga ambao mama zao walifariki wakati wa kujifungua. Huku kwetu ndugu wakipata msiba wa namna hiyo humleta mtoto kituoni apate maziwa na uangalizi, kisha akishaweza kula ugali na mboga wanakuja kumchukua. Ndiyo maana nawaambieni mapema: tunampokea mtoto mdogo kama kipaka, tunamlea mpaka anakimbia uwanjani, halafu tunamtoa. Anayetaka mtoto wa kukaa naye, atafute njia nyingine.

Mimi mwenyewe sikulijua hilo nilipoanza. Aliyenifundisha ni Mama Benedikta, mlezi wa siku nyingi, mwenye mikono laini na ulimi wa wembe. Alinikuta nimempakata mtoto anayejifunza kusema, nimeyeyuka kwa furaha.

"Anakuitaje?" akauliza.

"Mama."

"Na wewe ukaitika?"

"Nikaitika."

"Basi siku akiondoka atakuwa amefiwa na mama mara ya pili. Wa kwanza alimchukua Mungu. Wa pili atakuwa wewe."

Tangu hapo watoto wote waliniita Dada. Waliniita Dada nikiwa msichana, wakaniita Dada nikiwa na mvi na miwani. Siku moja mgeni alisikia mtoto anaita, "Dada Tekla! Dada Tekla!" akazunguka uani kumtafuta huyo Dada, akarudi akasema, "Samahani bibi, Dada ametoka?"

Wageni mtawapata wengi, hasa karibu na Idi na Krismasi. Wapokeeni vizuri, ni watu wenye moyo. Lakini wafundisheni kwa upole kabla hawajaingia. Mgeni akae kwenye mkeka, asisimame juu ya watoto kama mnazi. Asimuulize mtoto mama yake yuko wapi. Asigawe pipi akiwa amesimama mlangoni, maana watasukumana na mdogo ataumia. Na zaidi ya yote, asiseme "nitarudi Jumapili" kama hana hakika na Jumapili. Mtu mzima akisema hivyo anaaga tu. Mtoto anaposikia, amepewa ahadi, na Jumapili nzima atashinda getini.

Wageni wenyewe hasa, lakini, ni ndugu wa mtoto. Na hapa kituo chetu kilikuwa na desturi ambayo ilinichukua muda kuuona ubaya wake, kwa sababu ilifanywa kwa mapenzi. Siku ya ndugu kuja, mtoto alisuguliwa mpaka akang'aa, akavishwa gauni jeupe na soksi, nywele zikachanwa. Ndugu wakakaribishwa kwenye benchi, wakapewa chai. Kisha mtoto akaletwa kama bibi harusi. Yule bibi aliyepanda gari tangu alfajiri, kanga yake ina vumbi, akitazama mikono yake na lile gauni anaogopa hata kumgusa mjukuu wake. Mtoto naye anamwona mtu asiyemjua, analia. Anarudishwa ndani. Chai inanywewa kimya. Wanaaga.

Kuna jambo jingine ambalo watu wazima hatukuliona, watoto wakaliona. Katika macho yao, bibi mwenye kanga na kapu ni yule anayekuja kumchukua mwenzao, na mwenzao harudi tena. Kwa hiyo bibi akitokea tu getini, utasikia vilio kuanzia chumba cha wachanga mpaka jikoni.

Nilibadilisha polepole. Ndugu akija kwangu, simpeleki kwenye benchi. Nampa beseni, nampa mtoto mchafu alivyo, namwambia, "Karibu, umwogeshe." Huwezi kumwogesha mtoto na kubaki mgeni wake. Baada ya kuoga ni uji, baada ya uji ni kumbeba mgongoni. Mimi naenda kufua nguo, nageuza uso. Wenzangu walinicheka kwamba nimepata namna ya kuwafanyisha ndugu kazi zangu. Nikawajibu, ndiyo, maana karibuni zitakuwa kazi zao.

Sasa niwaambie habari za Somoe, kwa sababu kila ninachokijua kilipimwa kwake.

Somoe aliletwa na bibi yake mzaa mama, Bibi Esha, pamoja na mjomba wake Issa. Walitoka Mnyambe, juu kule Newala, ambako maji huchotwa mbali. Mama yake alifariki siku aliyozaliwa. Bibi Esha alikuja kumwona kila alipopata nafasi, na mara ya kwanza nilipompa beseni tulikosana. Nilikuwa nimelijaza maji mpaka juu. Bibi Esha alinitazama kama niliyemwaga maziwa. Kiswahili chake ni kidogo na Chimakonde changu ni cha sokoni, kwa hiyo Mjomba Issa alitafsiri huku akificha kicheko.

"Mama anasema nyie Wamakua wa bondeni mnaoga kama bata. Anauliza, huyu mtoto mnamwogesha au mnamchemsha?"

"Mwambie mama, nyie Wamakonde wa juu mnaoga kwa kuonyeshwa maji."

Bibi Esha alipofasiriwa akacheka mpaka akashika ubavu, maana utani kati yetu ni wa tangu zamani. Kisha akachota maji kopo moja tu, akamweka mjukuu wake juu ya miguu aliyoinyoosha, na kwa kopo lile akamwosha kuanzia nyuma ya masikio mpaka katikati ya vidole, na maji mengine yakabaki. Nimeogesha watoto maisha yangu yote na sijaweza kuiga ile kazi.

Somoe alipokaribia miaka mitatu, ukafika wakati wa kurudi kwao. Hapo ndipo mambo yakagoma, na yaligoma kwa sababu ya korosho.

Tulikuwa tumepata mkuu mpya wa kituo, Mama Glori, mwenyeji wa Kilimanjaro. Mchapakazi, mwaminifu, anapenda watoto kwa dhati. Aliona miezi inapita na hakuna mtu wa Mnyambe anayekuja. Wakati huo huo mwalimu mmoja na mkewe, watumishi waliohamia Masasi, walikuwa hawajajaliwa mtoto, na walikuwa wakija kila Jumapili kucheza na Somoe. Walikuwa watu wazuri, sina la kuwasema. Somoe akawazoea. Siku chache kabla ya msimu wa korosho Bibi Esha alikuwa amekuja, akamkuta Somoe amekwisha kuingiwa na hofu ya wenye kanga. Akanishika mguu akapiga kelele mpaka bibi wa watu akaondoka bila kumpakata. Mama Glori aliyaona hayo yote. Akaamua atamweleza afisa ustawi wa jamii, ambaye angekuja mwisho wa mwezi, kwamba mtoto huyu apewe mwalimu na mkewe.

Kwanza akampigia simu baba wa mtoto, aliyekuwa kijijini Makote na mke mwingine. Nilikuwa nimesimama pale. Baba alisema kwa heshima, "Mama, mimi nitasemaje na wajomba zake wapo? Waulizeni wao."

Mama Glori akaweka simu mezani. "Umesikia, Dada Tekla? Baba hamtaki mtoto."

"Hajasema hamtaki. Amesema si yeye wa kumtoa."

"Baba mzazi! Kwetu mtu akisema hivyo ukoo unaitisha kikao."

"Na huku angesema vingine, kikao kingeitishwa vile vile. Huku mtoto ni wa kwao mama, Mama Glori. Mwenye neno ni mjomba."

"Haya, mjomba yuko wapi? Bibi yuko wapi? Wameshindwa hata kupanda gari?"

"Wako kwenye korosho."

"Korosho ni bora kuliko mtoto?"

Nawaandikia na nyinyi nilivyomjibu, maana wengi wenu mtapangiwa kazi sehemu ambazo si za kwenu. Korosho ikianguka huokotwa mapema. Ikilala chini na mvua ikainyeshea, inashuka daraja. Familia nzima inahamia shambani, mpaka bibi. Humo ndimo inamotoka nguo ya shule, bati la nyumba, na hayo maziwa ya kopo watakayomnunulia Somoe. Mtu anayemwacha mtoto huachana naye hata miezi ambayo hana kazi shambani. Anayepotea wakati wa kuokota korosho, msubiri. Kila mahali pana msimu wake. Ujue kwanza msimu, ndipo useme ndugu wamemtupa mtoto.

Tulijaribu simu. Mjomba Issa alipiga, Bibi Esha akazungumza na mjukuu wake kwa Chimakonde kutoka shambani. Somoe, ambaye alijua Kiswahili chetu tu, aliisikiliza ile sauti, akaitazama simu ya Mama Glori mbele na nyuma, kisha akaitumbukiza kwenye kikombe cha uji.

Mama Glori aliipangusa simu yake. Lakini jioni aliniita. Alisema, "Mimi si mtu mgumu. Kabla afisa ustawi hajafika, nionyeshe mtoto huyu akikaa na bibi yake bila kulia. Ukinionyesha, anarudi Mnyambe. Usiponionyesha, nitamwambia afisa nilichokiona."

"Basi twende sisi kwao," nikasema. "Wao hawawezi kushuka, sisi tunaweza kupanda."

Alikubali, na hilo ni la kumsifu, maana mkuu wa kituo ana kazi nyingi. Asubuhi ya safari nilimkuta Somoe tayari ameshavishwa gauni jeupe. Nikaliacha lilivyo. Nilikuwa nimeshaomba vingi.

Tulipofika Mnyambe nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani akatuelekeza shambani. Tukatembea kwa miguu chini ya mikorosho, kivuli kizuri, harufu ya mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, imejaa mpaka unaisikia kwenye ulimi. Bibi Esha alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, anakonyoa korosho kutoka kwenye mabibo na kuzitupa kwenye kapu. Somoe alipoona ile kanga akanikumbatia shingo.

Mama Glori alitaka bibi ainuke amkimbilie mjukuu wake. Bibi Esha hakuinuka. Alitusalimu, akatuonyesha mahali pa kukaa, akaendelea kukonyoa.

"Mbona hata hamtazami?" Mama Glori akaninong'oneza.

"Anafanya sawasawa," nikamwambia. "Sasa ni zamu yetu. Tuondoke."

"Tumwache?"

"Tumwache."

Nilimteremsha Somoe mabegani, nikamwambia naenda kunywa maji, nikaondoka bila kugeuka. Mtoto unamwambia unakokwenda. Ukimtoroka, atakutafuta kila dakika. Tukasimama nyuma ya mkorosho mnene, Mama Glori na mimi, watu wazima wawili tumejificha kama tunacheza kombolela.

Somoe alianza kulia. Alilia amesimama pale pale. Bibi Esha akakonyoa korosho. Akakonyoa nyingine. Vilio vikapungua, kwa sababu mtoto asiyeshikwa na asiyekatazwa huanza kutazama. Akatazama bibo, jekundu, limelala karibu na mguu wake. Akaliokota. Lilikuwa na korosho yake bado, na Somoe akaielekeza ile korosho mbichi mdomoni.

Mama Glori alishika kifua. Nyie mliokulia huku mnajua, ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza midomo. Alitaka kukimbia. Nilimshika mkono, na sitawaficha, nami nilitaka kukimbia. Niliona tumechelewa.

Bibi Esha hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akaishika ile korosho kabla haijafika, akaikonyoa, akatupa kapuni, akamrudishia Somoe bibo lake. Yote hayo kama mtu anayefukuza inzi. Somoe akashangaa. Akauma bibo. Maji yakamtiririka kidevuni, kifuani, mpaka kwenye ukingo wa gauni.

"Gauni langu," Mama Glori akasema polepole.

"Hilo halitoki," nikamwambia. "Hata kwa limau."

Somoe akamaliza, akaokota jingine, na safari hii hakulipeleka mdomoni. Alimpelekea bibi yake. Bibi akakonyoa korosho, akamrudishia bibo. Akaleta jingine. Kwa muda mrefu walifanya kazi hivyo, bila hata neno moja, maana hawakuwa na lugha ya kusemeshana. Baadaye koo likamkereketa, kama linavyomkereketa kila mtoto anayeyavamia mabibo, akaanza kulia kweli na kuita, "Dada! Dada Tekla!"

Hapo ndipo palikuwa pagumu kwangu. Jina langu liliitwa na mimi nikakaa nyuma ya mti.

Mama Glori alinitazama. "Anakuita."

"Nasikia."

Bibi Esha aliinuka, akachota maji kwa kopo, akamnywesha, akamnawisha uso na mikono. Kisha akainama, akamwelekezea mgongo. Hakumvuta. Aliinama tu, akangoja. Somoe alitazama njia tuliyoondokea, akatazama ule mgongo. Akapanda. Bibi akamfunga kanga, akaketi tena kwa taratibu, akaendelea na korosho zake. Mtoto alilala amelaza shavu pale pale, na madoa yake yote.

Mama Glori alikaa chini kwenye majani makavu. Akasema, "Mwalimu na mkewe nitawaambia mimi mwenyewe. Si kwa simu." Na aliwaambia uso kwa uso. Walihuzunika, wakavumilia, na baadaye walipewa mtoto ambaye kweli hakuwa na mtu, nao wamemlea vizuri. Afisa ustawi alipokuja alipanda mwenyewe Mnyambe, akamkuta Mjomba Issa ameweka godoro jipya. Somoe akarudi kwao korosho zilipokwisha. Tangu mwaka ule Mama Glori alipiga marufuku gauni jeupe siku za ndugu, na msimu ukianza ni yeye wa kwanza kusema, "Gari limeandaliwa, tunapanda lini?"

Mtauliza kama iliniuma. Iliniuma. Vitanda vyao vikibaki vitupu huuma, na mlezi asiyeumia nina shaka naye. Lakini fahari yangu iko hapo hapo. Kuna watu wazima leo wanalima, wanafundisha, wanaoa na kuolewa kule Newala na huku Masasi, nami niliwapa maziwa, na hawanijui. Wanawajua mama zao wadogo, wajomba zao, makaburi ya mabibi zao. Hakuna cheti cha kazi kinachozidi hicho.

Nilishastaafu nilipopanda tena Newala kwa harusi, nikapitia Mnyambe. Mjomba Issa alikuwa anatengeneza baiskeli. Bibi Esha alinipokea kwa kelele na matusi ya utani, akanipa kiti, kisha akaita kuelekea nyuma ya nyumba. Msichana mdogo akatokea, mrefu kuliko nilivyotarajia, mikono imejaa unga, ametoka kutwanga na binamu zake. Akanitazama kama anavyotazamwa mgeni yeyote.

Bibi Esha alitaka kumkumbusha mimi ni nani. Nikamfanyia ishara anyamaze.

"Shikamoo," Somoe akasema, amepiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Akangoja kidogo kuona kama nina la zaidi. Sikuwa nalo. Akageuka akakimbia kurudi kwenye kinu, akiwapigia binamu zake kelele wasimalize kutwanga bila yeye, kwa Chimakonde cha haraka ambacho sikukipata hata nusu.